Kakakuona, Baba na Mke Wangu

Niliamini kabisa, mimi mhitimu wa masomo ya jioni, kwamba kakakuona wa bustani ya wanyama hajikunjui mpaka familia nzima isimame mbele yake. Akikosekana mmoja, anabaki mpira wa magamba mwaka mzima. Nusu ya mtaa wetu wa Mbugani iliniapia hivyo.

Sasa ona balaa. Kwetu Wanyakyusa, mkamwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Na baba alikuwa anapofuka. Alitaka amwone mnyama huyo adimu kabla macho hayajazima.

“Mwambie baba mimi nabaki,” mke wangu akaniambia, akirudisha kabatini gauni la safari.

“Mwambie mkeo akibaki, siendi!” baba akafoka nyuma ya ukuta. “Nikaangalie mpira?”

Jasho likinitoka ndoo nzima, nikampigia simu mtunza wanyama. Nikamweleza shida yetu, nikamwuliza kama tunaweza kutundika kanga kati ya baba na mke wangu. Akanijibu:

“Kaka, kakakuona hahesabu watu. Anajikunja akiogopa, basi. Mzee aje siku yake, na shemeji aje siku yake.”