Historia Fupi ya Marehemu Mama

Binti yangu aliniunguzia maharage mara tatu ndani ya wiki moja, na zote kisa vitabu. Anainjika sufuria, anakaa kwenye kigoda na hadithi aliyoazima maktaba ya shule, basi, dunia imeisha. Mimi narudi kutoka kibandani kwangu ninakouza vitenge, hapa Mfaranyaki, nakuta nyumba nzima inanuka moshi. Nilimsema, jamani, nilimsema! "Hao watu wa kwenye kitabu ndio watatulisha leo?" Anaomba radhi, anachambua maharage mengine, na kitabu bado amekibana kwapani. Ana kichwa kigumu, na hicho kakitoa kwangu.

Likizo alikuwa anakwenda kijijini Maposeni kwa mama yangu mzazi. Huko nako alibeba vitabu. Alimsomea bibi yake kwa Kiswahili, na palipokuwa pagumu alimgeuzia kwa Kingoni. Mama hakujua kusoma, lakini kuhukumu alijua. "Huyo mwanamume mwongo," anasema huku anapukuchua mahindi, "mkewe afungashe aondoke." Wakimaliza, binti yangu anafunga kitabu na kuuliza, "Na wewe Bibi, ulipokuwa mama kijana, ilikuwaje?" Mama anacheka, kisha anaeleza. Mimi nilidhani ni porojo za likizo tu.

Mama alifariki wakati wa masika. Kwetu marehemu hashushwi kaburini kabla historia yake haijasomwa mbele ya watu, na kazi hiyo aliichukua kaka yangu mkubwa, msemaji wa familia. Asubuhi ya mazishi alituita watoto wa marehemu ndani akatusomea. Alizaliwa. Alibatizwa. Aliolewa, akajaliwa watoto saba. Elimu: hakusoma. Kazi: mkulima. Kisha ikaanza presha: lini ilimpata, wapi alilazwa, lini aliruhusiwa, lini alirudishwa wodini. Nusu nzima ya karatasi ilikuwa hospitali.

"Kaka, ndiyo mama huyo?" nikamuuliza.

"Ulitaka niandike nini? Mama hakuwa na cheo."

Swali hilo liliniuma kuliko karatasi yenyewe. Mtoto wa kumzaa, naulizwa mama yangu alikuwa nani, nimebaki natoa macho! Mama alikuwa anakwenda kuzikwa na presha yake, na mimi sikuwa na la kuongeza.

Binti yangu alikuwa mlangoni na sinia la vikombe vya chai. Akaliweka chini, akapiga magoti. "Mjomba, samahani. Naomba niiandike mimi."

Kaka akaguna. "Mtoto wa kidato cha tatu aandike historia ya mtu mzima? Watu watasema ukoo huu hauna wanaume."

Hapo hasira zikanipanda. "Wanaume wenyewe si ndio mmetuandikia presha nusu ukurasa?"

Wadogo zangu wakaziba midomo kwa kanga. Kaka alininyooshea kidole, akakishusha, akamgeukia mpwa wake. "Andika. Lakini nikiona unaleta mchezo mbele ya watu, nasimama nasoma yangu." Binti akaenda nyuma ya jiko na daftari. Nilisimama pale kona kama mlinzi, kila anayemtuma maji namfukuza.

Saa ikafika, tukawa makaburini. Alisimama kando ya jeneza, daftari mkononi, na kaka karibu yake na karatasi yake tayari. Binti yangu hakuanza na kuzaliwa. Alianza na umande.

"Bibi yangu hakukaa darasani hata siku moja," alisoma, "lakini asubuhi za masika yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kupita njia ya shule." Akaeleza jinsi nyasi zilivyofunga njia, na umande ulivyomlowesha mtu mpaka kiunoni. Binti wa Bibi alikuwa na sare moja tu. Kwa hiyo Bibi alitangulia na fimbo, anapiga nyasi huku na huku, umande umwangukie yeye, mpaka barabarani. "Alimwambia mtoto wake kwamba ana shamba la kuazima ng'ambo ya barabara. Shamba hilo halikuwepo. Mtoto akishapotea machoni, Bibi alirudi njia ile ile, amelowa chapachapa, ndipo akaenda kulima. Nilimuuliza kwa nini alidanganya. Akasema mtoto akijua atamwonea huruma, na mwenye huruma kichwani hasikii mwalimu."

Mtoto huyo ni mimi. Miaka yote ile nilitembea nyuma ya mgongo wake na sare kavu, namlalamikia, "Mama, unatembea polepole, tutachelewa!" Sikuwahi kumuuliza shamba lenyewe lina nini. Nililia, Mungu wangu, nililia kwa sauti mpaka wakanishika. Kaka aliikunja karatasi yake vipande vinne akaitia mfukoni, na kofia akaivua.

Baadaye nilimuuliza binti yangu alijuaje kuanzia pale. Akasema vitabu anavyovipenda vimejaa watu wasio na vyeo, na ukivizoea unaanza kuwatazama hata wa nyumbani kwako hivyo hivyo, unataka kujua. Mimi niliyemtukania vitabu nikaenda kuinjika maharage mwenyewe.

Lakini hayo yalikuwa baadaye. Pale pale makaburini, udongo bado haujaanza kurudishwa, mzee mmoja wa kijiji aliyekuwa mbele yetu aligeuka na kuuliza kwa kunong'ona, "Huyu mtoto aliyesoma ni wa nani?"

Msibani watu hujibu kwa sauti ya chini. Mimi nilishindwa.

"Ni wangu!" nikasema, na hata waliokuwa nyuma kabisa walisikia.