Kilo Mbili za Ritha

Kila asubuhi, kabla wateja wa maharage hawajaanza kubishana bei, Clotilda alimpandisha binti yake kwenye mizani ya magunia. Wachukuzi wa mtaa ule wa Kariakoo walishazoea.

"Mama Ritha, gunia hilo mbona halijajaa?"

"Panda wewe," Ritha aliwajibu, "tuone kama si pumba tupu."

Haukuwa mchezo. Figo za Ritha zilishachoka, na mara tatu kwa wiki mama alimpeleka hospitali, kule Upanga, kusafishwa damu kwa mashine. Maji aliyokunywa hayakuwa na njia nyingine ya kutoka. Clotilda alimpimia kwa kikombe cha kahawa, na kilo ikiongezeka, kwake hayo yalikuwa maji.

Sasa mwezi ule kilo mbili zilipanda, zikagoma kushuka. Sketi ya kanisani ikakataa kufunga.

"Umekunywa wapi?"

"Sijanywa, mama."

"Wewe unaweza kuficha, mizani haifichi."

Ijumaa wauguzi wakamvuta maji mpaka akarudi kwenye kilo zake za zamani. Misuli ya miguu ikamkaza, Ritha akalia kama mtoto mdogo, kisha macho yakamgeuka. Alipozinduka, mama yake alikuwa kwenye benchi la nje, amejifunika uso kwa khanga. Wakimvuta hivyo tena, atastahimili?

Jumatatu muuguzi Sofia akaja na kimashine kidogo chenye nyaya. Akamlaza Ritha, akambandika vibandiko mkononi na mguuni. Vikateleza. Akabandika vingine, navyo vikateleza.

"Mama, umempaka nini?"

"Mafuta ya nazi. Nimlete hospitali miguu imepauka, watu waseme hana mama?"

Ritha akacheka, mara ya kwanza tangu Ijumaa. Sofia akamfuta kwa spiriti, vibandiko vikashika.

"Hiyo haitampiga shoti, sista?"

"Umeme wenyewe mdogo, wala hausikii. Maji yanaupitisha kirahisi, mafuta yanauzuia. Mashine inaangalia ulivyopita, inakadiria maji ni kiasi gani na mwili wenyewe ni kiasi gani."

Clotilda hakuondoa macho kwenye kioo cha kile kimashine, ingawa hakuelewa hata namba moja. Sofia alisoma, akaminya vifundo vya miguu kwa kidole gumba, halafu akamwita daktari. Daktari naye akaminya, akasikiliza kifua, akasoma.

"Mama, maji yake hayajazidi. Hizi kilo mbili ni mwili. Binti anakula siku hizi?"

Anakula! Tangu Pasaka alikuwa akirudia sahani ya makande, na Clotilda alikuwa akifurahi jikoni, halafu asubuhi anamgombeza kwenye mizani.

"Basi tulikuwa tunamkamua maji asiyokuwa nayo," daktari alisema. "Leo tunampandishia kiwango cha kilo anazotakiwa kubaki nazo."

Siku ile Ritha alisafishwa damu bila kulia. Clotilda alimshukuru Mungu, akamshukuru Sofia, akakishukuru hata kile kimashine, kwa kukipangusa mafuta ya nazi kwa ncha ya khanga.

"Nilikuita mwongo, mwanangu."

"Na mwizi wa maji."

"Na hilo pia unisamehe."

Waliporudi mtaani walichukua ile sketi ya kanisani, wakaenda moja kwa moja kwa Bushiri, fundi cherehani wa jirani. Bushiri aliitazama sketi, akamtazama Ritha, akashusha sauti.

"Kavimba tena, Mama Ritha?"

"Kanenepa, Bushiri!" Wachukuzi wote waligeuka. "Achia inchi mbili. Moja ya leo, moja ya akiba."