Zidisha Mara Mbili, Ongeza Dakika Kumi

Siku yangu ya kwanza kazini Lushoto, Afisa Michezo wa Wilaya alinikabidhi saa ya kupimia mbio, kioo chake kimepasuka, akaniambia nisimwamini mkimbiaji, niiamini saa. Nilikuwa mwalimu kijana, nikamwamini yeye.

Ndiye aliyenifundisha kukadiria marathoni kabla haijakimbiwa. Unachukua muda wa nusu marathoni, unauzidisha mara mbili, unaongeza dakika kumi za uchovu. Ukigawa kwa kilomita unapata mwendo, yaani muda wa kutumia kwa kila kilomita moja. Vijana wa leo simu zinawafanyia hesabu hiyo. Sisi tulikosea kwa penseli.

Zaina alitoka Mlola, kwa wakulima wa viazi. Timu moja ya mjini iliahidi kumwajiri akimaliza marathoni ya Tanga chini ya saa tatu, na nyumbani kwao watu saba waliingojea kazi hiyo. Nilimpima nusu marathoni kule Shume, asubuhi ya ukungu na baridi kali. Alitumia saa moja na dakika ishirini. Kocha wa Mkoa alipoiona hesabu yangu akauliza, "Joto la Tanga umelitia wapi humu?" Nikamjibu kwamba zile dakika kumi zinatosha.

Siku ya mbio nilisimama kilomita ya kumi. Zaina alifika amechelewa dakika moja na nusu kuliko nilivyompangia, jasho linamtiririka, na bado akaniamkia shikamoo. Binti wa kwetu hampiti mwalimu wake kimya. Salamu yenyewe ilikatika katikati kwa kukosa pumzi, nami nikatazama saa.

"Umechelewa. Ongeza."

Akaongeza.

Kilomita ya thelathini na mbili nilimkuta amekaa kando ya barabara, miguu imekataa. Mkimbiaji mwenzake aliyesimama naye aliniambia kwamba tangu mwanzo Zaina alikuwa amepunguza mwendo kwa makusudi, maana alijua joto lile lingemmaliza. Lakini mwalimu habishiwi.

"Nisamehe mwalimu," Zaina akasema. "Nimekuaibisha."

Nikamwambia nimemsamehe.

Sasa nimestaafu, magoti yananiuma na hesabu zimenichosha. Makocha vijana wakija, nawaambia wamuulize kwanza mkimbiaji anajisikiaje, ndipo watazame saa. Zaina analima viazi Mlola. Tukikutana sokoni hunipokea mzigo hadi barabarani. Kwamba kosa lilikuwa langu, nimewaambia makocha wote. Yeye bado sijamwambia.