Vipepeo wa Uani, Dunda

Shemeji yangu alipofariki nilihamia Dunda, nikae na dada yangu mpaka amalize eda. Sina mume wala mtoto, na kazi yangu ya kupiga picha za harusi ni ya mwisho wa wiki, kwa hiyo ndugu waliona mimi ndiye wa kufaa. Nilikwenda sokoni, nilipokea wageni, nilijibu simu. Dada alikaa ndani bila wanja wala marashi, na mara nyingi bila maneno.

Kabla ya hapo, katikati ya wiki nilikuwa na mazoea ya kwenda Kerege kupiga picha za vipepeo. Nilianza siku moja nikiwasubiri maharusi waliochelewa kwenye bustani, na sikuacha tena. Sasa sikuweza kwenda mbali, nikawapiga picha waliokuja uani. Palikuwa na mlimau, kisima kilichofunikwa kwa zege, na ukuta usiopigwa lipu. Palitosha.

Wengi hudhani kazi hii ni ya kukimbizana. Kwa kiasi kikubwa ni ya kutazama mbingu. Asubuhi kukiwa na ubaridi, kipepeo hutua juani akatandaza mabawa apate joto, na hapo rangi za juu huonekana zote. Jua likipanda huyafunga na kujigeuza, ili jua limpate kwenye ukingo wa mabawa tu. Unachoona ni upande wa chini, ambao mara nyingi hufanana na jani kavu. Wingu likitanda hutulia. Kusi ikivuma hushuka kwenye majani, mabawa ameyabana, na picha hutoka zimetikisika.

Asubuhi moja nilikuwa nimepiga magoti mbele ya kisima, dada akatokea mlangoni.

"Unapiga picha zege?"

"Kuna kipepeo, dada. Mweusi, ana doa la buluu kila upande."

Akainama kumtazama. "Mbona jana mchana alikuwa wa kahawia?"

Nikamweleza kwamba jana alikuwa amefunga mabawa. Akasogea karibu zaidi. "Kumbe wangu wa kahawia na wako wa buluu ni mmoja."

Kesho yake nilipoamka, kigoda chake kilikuwa tayari uani.

Mwanawe wa pekee anafanya kazi Dar es Salaam, na alikuja kila Jumapili na kapu la matunda. Ni kijana mwema. Alikwisha kuamua kwamba eda ikiisha mama atahamia kwake na nyumba itafungwa, na alilizungumza jambo hilo kama lililokwisha. Dada hakukubali wala hakukataa. Alimwongezea chai.

Alasiri moja mvua ilinyesha ghafla. Nilikuwa jikoni nakaanga samaki, nikasikia naitwa kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu msiba.

"Mdogo wangu, njoo na kamera. Taratibu."

Chini ya jani la mlimau alining'inia kipepeo mkubwa, mweusi mwenye madoa ya njano, mabawa yamefungwa na matone juu yake. Tulisimama chini ya ukingo wa paa. Mvua ikakatika, jua likatoka. Kipepeo akapanda juu ya jani, akafungua mabawa kidogo, akafunga. Dada akanishika mkono nisibonyeze.

"Bado. Ngoja akauke."

Mabawa yalipotandazika yote, akaniachia. Nikapiga, kisha nikamwonyesha picha kwenye kioo cha kamera. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Marehemu alitaka kuukata mlimau huu," akasema. "Viwavi walikuwa wanamaliza majani. Tukagombana wiki nzima, hatusemezani."

"Ikawaje?"

"Si unauona umesimama? Nilimshinda."

Akacheka, na kicheko kikageuka kilio. Nilikaa naye kwenye kizingiti mpaka akatulia. Samaki waliungua, tukala wali kwa kachumbari.

Jumapili iliyofuata mwanawe alianza kuzungumzia gari la kuhamishia vyombo. Dada akaweka kikombe chini.

"Mwanangu, mimi nabaki hapa. Nitakuja kwako kutembea, na wewe njoo kama kawaida."

Kijana akanigeukia. "Mama mdogo, ndivyo mlivyopanga?"

"Sikupanga kitu," nikasema, na ndivyo ilivyokuwa.

"Usimuulize yeye," dada akamwambia. "Niulize mimi."

Hakuuliza. Alikula na kuondoka mapema. Jumapili ya pili hakuja, na dada hakumtaja, ila alipika chakula cha watu watatu. Iliyofuata alikuja na fundi, wakashinda juu ya paa la jiko wakiziba mahali palipokuwa panavuja. Suala la kuhama halikurudi.

Eda ilipokwisha, dada aliomba nimpeleke Kerege. Kulikuwa na wingu zito, na vipepeo wote niliowaona walikuwa wamefunga mabawa. Tulitembea kando ya vichaka mpaka tukachoka, bila picha hata moja ya maana, kisha tukarudi barabarani kula mihogo ya kukaanga. Muuzaji, mwanamke wa makamo aliyenizoea, alimwamkia dada.

"Shikamoo, mama. Mbona sijawahi kukuona huku?"

"Marahaba. Nilikuwa eda," dada akajibu, bila kushusha sauti, na akaomba aongezewe pilipili.