Askari wa Juu ya Paa Letu

Askari aliyewekwa juu ya paa letu ana vidole vyembamba kama vya mshona nguo. Kazi yake ni kuvuruga mawimbi, ili vindege vya vita visivyo na rubani vipotee njia na kuanguka. Akiwasha mtambo wake hugonga antena mara mbili kwa ukucha, na simu za mtaa mzima hufa papo hapo. Kindege akikinasa hukifuta vumbi kwa kitambaa laini, akakilaza juu ya blanketi kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Sauti hapandishi. Hata siku mke wangu alipobanwa na kifua, nikapanda ngazi nahema, hakunifokea.

“Mwanangu, zima kidogo nimwite daktari.”

“Baba, sina ruhusa. Hata angekuwa mama yangu, nisingezima.”

Nilimwamini, nikashuka. Mke wangu alikata roho ameikumbatia simu isiyo na mtandao.

Jana nilipanda kuanua shuka. Askari alikuwa amenipa mgongo. Angani palikuwa na mlio wa vindege, ule ule wa siku zote. Alibonyeza kitufe, taa nyekundu ya mtambo ikazimika, akatoa simu mfukoni.

“Mke wangu, umekula?” Akacheka. “Usijali, nimezima kidogo tu.”

Kidogo kile kile nilichomwomba mimi.

Alipogeuka akaniona, akaishusha simu taratibu.

“Shikamoo, baba.”

Maisha yangu yote sijamnyima mtu marahaba. Yeye nilimnyima.