Jiwe la Ulanga

Baba alipofariki, kaka yake mkubwa alishuka Muze na lori lake kunichukua. Aliwaambia watu wa jumuiya, waliokuwa bado wamekaa msibani, kwamba damu ya mdogo wake haitapotea, kwamba atanisomesha sekondari Sumbawanga kama anavyosomesha wanawe. Wazee wakamsifu. Mama akanifungia nguo zangu katika kanga moja na kuniambia nimtii, kwa sababu sasa baba yangu ni huyo.

Lori lilipoanza kupanda mlima, baba mkubwa alizima redio.

"Kwangu hakuna mgeni," alisema. "Anayekula anabeba."

Nilidhani anasema maji na kuni. Alikuwa anasema mawe.

Baba mkubwa alikuwa na machimbo nje ya mji, kwenye ubavu wa kilima. Aliuza mawe ya msingi, na yaliyovunjika vibaya yaligongwa kuwa kokoto. Wanaume walipasua, wanawake waligonga, na mimi nilibeba kichwani kutoka shimoni hadi kwenye lori, kila siku baada ya shule na Jumamosi nzima. Jumapili tulikwenda misa, na yeye alikaa benchi la mbele.

Kilima kile kilikuwa na mawe ya namna mbili. Chini, karibu na barabara, kulikuwa na mwamba wa kijivu wenye chembe nyeusi na za waridi, mgumu mno. Ili kuupasua ilibidi kuchoma matairi juu yake mpaka upate moto, kisha kuumwagia maji, kisha nyundo kubwa. Moshi wa matairi ulitukaa kooni wiki nzima. Juu kulikuwa na jiwe lingine, la rangi kama ya majivu yenye kijani kidogo, linalometameta juani. Hilo halikuhitaji moto. Uliingiza mtaimbo kwenye mstari wake, ukasukuma, likafunguka bamba kwa bamba. Watu wawili waliweza kujaza lori kabla ya chakula cha mchana. Baba mkubwa alilipenda jiwe la juu.

Shuleni tulikuwa na mwalimu wa jiografia ambaye hakuwahi kumpiga mtu kwa fimbo. Alikuwa na njia zake. Ukikosea jina la mto, unasimama na kulirudia hilo jina huku wenzako wanaendelea na somo, mpaka sauti ikukauke. Siku aliyoanza kutufundisha miamba aliingia na mfuko wa mawe, akaumwaga juu ya meza.

"Nyinyi Wafipa mnazaliwa juu ya mawe, mnasagia mawe, mnazikwa chini ya mawe," alisema, "na hakuna hata mmoja hapa anayejua jiwe ni nini."

Tulicheka. Yeye hakucheka.

Akatueleza, kwanza kwa Kiingereza kama mtaala unavyotaka, kisha kwa Kiswahili alipoona macho yetu. Kuna miamba moto, iliyotokana na uji wa mawe yaliyoyeyuka. Uji ukipoa polepole chini kabisa ya ardhi, chembe hupata muda wa kukua, nawe unaziona kwa macho, kama graniti. Ukimwagika juu na kupoa haraka, jiwe linakuwa jeusi na laini usoni, chembe hazionekani. Kuna miamba tabaka: mchanga, tope, makombe na mifupa vilivyoletwa na maji, vikatua, vikakandamizwa tabaka juu ya tabaka mpaka vikashikana. Na kuna miamba geu. Hiyo ilikuwa kitu kingine hapo mwanzo, moto ama tabaka, ikazikwa, ikabanwa na kuchomwa bila kuyeyuka, mpaka ikageuka hali yake.

Karibu na mwisho wa muhula alitupeleka kwa lori mpaka kwenye mteremko wa kushukia Muze, mahali barabara ilipokata mlima na kuacha mwamba wazi kama ukuta. Kutoka pale niliona bonde lote, na nilijua mama yuko kule chini shambani. Hatukuruhusiwa kwenda mbali. Kila mmoja aliokota jiwe, akalikwaruza kwa msumari, akalidondoshea ndimu kuona kama linatoa povu, kisha akasimama mbele ya mwalimu kusema ni mwamba wa aina gani na kwa nini.

Mimi niliokota jiwe linalometameta. Lilikuwa na mabamba. Nikasema, kwa kujiamini, kwamba ni mwamba tabaka.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu lina tabaka, mwalimu."

"Tabaka ziko wapi?"

Nikamwonyesha. Akalichukua, akalivunja kwa mikono mitupu, akanipulizia vumbi lake usoni. Vumbi lilimeta kwenye shati langu.

"Huu unaometa ni ulanga," alisema. "Hili lilikuwa tope. Likabanwa mpaka likazaa ulanga, na ulanga wote ukalala upande mmoja, ndiyo maana linachanika. Ni mwamba geu. Unaona mistari, unadhani umeona tabaka. Mjinga huona mistari." Akachagua bamba kubwa la jiwe lile lile, akaniwekea mikononi. "Utalipakata mpaka shuleni. Na Jumatatu utasimama nalo mstarini."

Nililipakata njia nzima huku wenzangu wakiimba. Jumatatu nilisimama nalo mbele ya shule yote mpaka jiwe likaniponyoka, likatawanyika kama karatasi. Mwalimu akawaambia wanafunzi waangalie. "Jiwe hili likinyeshewa miaka michache linakuwa udongo. Hata nguruwe humjengei banda kwalo." Wakaangalia jiwe, wakaniangalia mimi.

Jioni ile nilipofika machimboni nilisimama mbele ya mwamba wa juu na kuutazama kwa mara ya kwanza. Nilichukua kipande, nikakichana kwa kucha. Ulanga ulibaki kidoleni.

Wakati huo baba mkubwa alikuwa akimpelekea mawe ya juu mama mmoja wa mtaa wa Majengo, mjane mwenye duka la vitenge. Alikuwa anajenga nyumba ya vyumba vichache kwenye kiwanja cha mteremko, na chumba cha nyuma kilikuwa cha mama yake mzazi, bibi mzee asiyeona vizuri. Yule mama alinipenda. Kila lori lilipofika aliniita kwenye kibanda chake cha jikoni pale kiwanjani na kunipa chai na maandazi, akaniuliza masomo, akaniambia nisiolewe kabla sijamaliza. Katika mji ule hakuna mwingine aliyeniuliza chochote.

Siku ya lori la mwisho nilimwambia. Nilisema, mama, mawe haya si mazuri, yanachanika, mwalimu amesema yakinyeshewa yanakuwa udongo. Nikamchania moja mbele yake. Alilitazama kwa muda, kisha akatoka kwenda kumuuliza baba mkubwa, aliyekuwa anasimamia ushushaji. Nilimsikia baba mkubwa akicheka.

"Dada yangu, mtoto wa darasani huyo. Jiwe ni jiwe. Mimi nimejenga nusu ya mji huu. Wallahi ningekuuzia kitu kibovu wewe, mjane mwenzake mama wa huyu mtoto?"

Aliapa kiapo cha dini ya yule mama, yeye Mkatoliki, na yule mama akaona aibu kuendelea kuuliza.

Nyumbani baba mkubwa hakuniadhibu mara moja. Alikula kwanza, akanawa, akasali. Kisha akanipeleka uani, akamwaga kokoto chini, akaniambia nipige magoti juu yake, na akaniwekea jiwe kichwani. Mama mkubwa alipita na ndoo, akanizunguka.

"Hilo ni la aina gani?" aliuliza baba mkubwa.

Nililishika kwa mikono miwili lisianguke.

"Nimekuuliza, mwanajiografia."

"Graniti."

"Inatokana na nini?"

Nikamweleza, nalia, kwamba inatokana na uji wa mawe uliopoa polepole chini ya ardhi. Akanifanya nieleze tena kwa wanawe waliotoka kunitazama. Walicheka sana. Tangu siku hiyo shule ikaisha. Alisema kichwa changu kimejaa, sasa kinafaa kubeba.

Masika yaliyofuata nyumba ya Majengo ikapata ufa kwenye kona ya nyuma, pale msingi ulipozuia udongo wa mteremko. Nilikwenda kuuona. Mawe ya chini yalikuwa yamevimba na kufunguka, maji yanatoka katikati yake yakiwa na rangi ya majivu na yanameta. Fundi alikuja akaziba ufa kwa plasta, akapaka rangi. Ikapendeza.

Mvua ya wiki nzima ikaja. Alasiri moja ukuta ule ulianguka kwa ndani. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka anasubiri aletewe maji ya kutawadhia. Watu walimtoa kwa mikono, na vumbi la ulanga lilikuwa limemkaa kwenye nywele na kope. Alikuwa ameshakufa.

Wanaume walikaa nje kujadili. Baba mkubwa alisema fundi alibana saruji. Fundi alisema mvua ya mwaka huu haijawahi kuonekana. Mwenyekiti wa mtaa alisema ni kazi ya Mungu, na wote wawili wakakubaliana naye. Baba mkubwa akatoa mchele wa msiba. Alibeba jeneza, akapokezana na wenzake mpaka makaburini, na siku ya hitima alikaa karibu na shehe na kula pilau akaongezewa. Watu walisema, tazama, Mkristo yule ana utu.

Mimi niliingia ndani kwa wanawake kumpa pole yule mama. Nilipiga magoti mbele yake, nikasema pole mama. Alinyanyua uso.

"Wewe ndiye uliyesema," alisema.

Nikanyoosha mkono kumshika, akauondoa wake.

"Ulisimama jikoni kwangu, unakunywa chai yangu, ukasema itaanguka. Imeanguka. Umefurahi?"

"Mama, mimi nilikuwa nakutahadharisha."

"Mtoeni huyu mtoto," aliwaambia wenzake. "Mdomo wake una kitu."

Mwanamke mmoja alinishika mkono akanitoa, si kwa nguvu, kama unavyomtoa kuku sebuleni. Uani, wanaume walikuwa wamesikia. Baba mkubwa aliinua mabega na kusema kwa huzuni kwamba hata yeye, kwa kweli, mtoto huyu alianza kumtia wasiwasi zamani. Kesho yake akanirudisha Muze kwa lori, pamoja na neno hilo la mdomo wangu, na akahakikisha jumuiya imelisikia kabla hajageuza gari. Mama alipata shida ya watu wa kumsaidia kuvuna mwaka ule.

Padri wa parokia ya jirani ndiye aliyenipatia nafasi ya kurudia shule Chala, na huko ndiko ninakofundisha sasa. Nafundisha jiografia. Nikifika kwenye miamba nawapa watoto jiwe la ulanga wavunje wenyewe, na anayesema ni tabaka namwonyesha alipokosea, kisha anakaa.

Mwaka juzi baba mkubwa aliniita. Vumbi la mawe lilikuwa limemharibu mapafu, alilala sebuleni kwa mwanawe mkubwa, kando ya chupa ya kutemea. Machimbo sasa ni ya wanawe, wana malori, na jiwe la juu bado linauzwa. Nilikwenda kwa sababu mama alinibembeleza.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Alivuta pumzi, akapumzika, akavuta tena. "Nasikia wewe ni mwalimu."

"Ndiyo baba."

"Ulikuwa na akili. Niliiona mapema." Akakohoa mpaka machozi yakamtoka. "Ningekuozesha ukiwa darasa la saba, tusingefika huko kote."

Nilisubiri, kwa sababu alikuwa bado amefumbua mdomo. Nilidhani atamtaja bibi wa Majengo. Aliomba maji. Nikamshika shingo, akanywa, yaliyomwagika nikayafuta kwa kanga. Kisha nikaaga, nikatembea mpaka stendi, nikakata tiketi ya Chala.