Siku Niliyosuguliwa Miguu Sokoni Mangobo

Acheni nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Mimi, mama mzima, kiongozi wa kwaya, nilisuguliwa miguu kwa sabuni katikati ya soko la Mangobo, watu wamejaa wakitazama, na aliyenisugua ni mwanamke niliyekuwa nimemwita mwizi dakika chache tu kabla.

Mambo yalianza na koo. Wiki chache kabla ya sikukuu ya kwaya yetu koo langu lilivimba, kumeza mate ikawa kazi, nikaenda kituo cha afya nikapewa vidonge vya amoxi vya siku kumi, na siku ya tatu sauti ikarudi, nikajaribu kuimba jikoni nikaona mambo safi, basi vilivyobaki nikavifunga kwenye plastiki nikaviweka kabatini kwa ajili ya siku nyingine (msinitazame hivyo, hata nyinyi mnavyo kwenu).

Wakati huo tulikuwa tumechukua liputa ya sare, kitambaa cha zambarau na njano, kwa Mama Zaina. Mama huyu hana duka, ana meza tu sokoni, na meza hiyo inalisha nyumba yake kwa sababu moja: kila mtu anajua kwamba liputa ya Mama Zaina haichuji rangi.

Nikashona yangu, nikaivaa mazoezini. Nilipoivua nikakuta madoadoa ya zambarau miguuni, kuanzia kwenye vifundo kwenda juu (mpaka mahali ambapo sitawaonyesha). Magoti nayo yaliuma, nikasema ni kusimama sana. Nikaoga, madoa hayakutoka. Zambarau kwenye liputa, zambarau kwenye mguu, wewe ungesema nini? Mimi nilisema kwa simu, kwa wanakwaya wote, kwamba liputa ina sumu, na asubuhi tukawa wanawake kumi na wanne tunaelekea sokoni, kila mmoja na kitambaa chake mfukoni, mimi mbele kama kawaida yangu.

"Mama Zaina! Unauzisha batu sumu! Mwizi!"

Wateja wawili waliokuwa wanachagua wakaweka vitambaa chini wakaondoka. Niliona uso wake unabadilika na, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Hakupiga kelele. Alichukua liputa yangu, akaichovya kwenye beseni la maji, akaisugua kwa nguvu kwenye ncha ya mtandio wake mweupe, kisha akawaonyesha watu huku na huku. Mtandio ulikuwa mweupe vilevile.

"Rangi iko wapi, mama? Miye naona mayi tu."

Mwenye akili angeomba radhi hapo hapo. Mimi nikapandisha sketi mpaka magotini, mbele ya wauza mihogo na waendesha pikipiki wote, nikasema, "Na hii?"

"Leta muguu," akasema, akachukua sabuni na sponji. Msifikirie ile ya kanisani, Alhamisi Kuu, kuoshwa kwa upole. Nilisuguliwa kama sufuria. Watu wakacheka. Nyuma yangu nikasikia wanakwaya wangu wakirudisha vitambaa mifukoni kimya kimya.

Halafu mkono wake ukasimama. Akapitisha kidole juu ya madoa, polepole, akayakuta yameinuka kidogo, na sauti yake ikabadilika.

"Mama, hii haiko rangi. Iko damu chini ya ngozi. Enda lopitalo leo, usingoje kesho."

Aliniitia pikipiki yeye mwenyewe. Nilipanda na povu miguuni.

Hospitalini daktari, binti mdogo mwenye subira, alibonyeza madoa kwa glasi, hayakufifia, kumbe ilikuwa damu kweli. Akaniuliza kama niliugua koo. Nikamweleza habari za kabatini, nikitazama sakafu.

"Bon, mama. Bakteria iliingia ku koo, mwili ikatuma walinzi. Lakini walinzi balipoteza njia, banapiga mishipa yako midogo ya damu. Njo maana inavuja."

"Kama ningalimaliza vidonge?"

"Sijue, mama, sitakudanganya. Kuko batu banamaliza dawa na banapata tu. Lakini bakteria ingali ku koo, na hiyo tunaweza kuitoa."

Kwenye mkojo wangu walikuta damu kidogo. Figo nazo zimeguswa, akasema, nyingi hupona, lakini lazima tuzichunge kwa miezi. Niliogopa, nawaambia kweli. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mimi mguu wenyewe nilikuwa nimeuonyesha soko zima.

Safari hii nilimeza vidonge vyote. Madoa yakakauka yakawa kahawia. Lakini nikiwa bado nyumbani wanakwaya wakaniambia kwamba watu wanaipita meza ya Mama Zaina. Neno langu la sumu lilibaki sokoni hata baada ya mimi kuondoka. Hilo liliniuma kuliko magoti. Nikaenda siku ya watu wengi, nikasimama mbele ya meza, nikaanza kuomba msamaha kwa sauti ndogo.

"Sema na nguvu," akasema bila kuniangalia. "Siku ya matusi, hata batu ya mbali kule Tshopo balikusikia."

Basi nikasema kwa sauti ya kwaya: liputa ni nzima, ugonjwa ulikuwa wangu, na mwanamke huyu ndiye aliyeutambua. Mama mmoja aliyekuwa anapita akasimama, akashika kitambaa cha kijani, akauliza bei.

Mwezi wa tatu wa kuchungwa figo, majibu ya maabara yakawa safi, hakuna damu hata tone. Nikakimbia kumnong'oneza Mama Zaina. Mimi nilinong'ona, yeye alipanda juu ya kiti.

"Mukojo ya mama wa kwaya iko safi! Safi kabisa!"

Soko zima likapiga makofi. Nilificha uso, nikacheka mpaka machozi. Nimeapa, dawa nikipewa namaliza mpaka kidonge cha mwisho, hata nikiimba siku ya pili, kwa sababu sasa nikikohoa tu pale Mangobo, mpaka wauza mihogo wananiuliza nimebakiza vingapi.